Kaa-Kawa na Nyayo Zilizokataa Kukauka

Paukwa!

— Pakawa!

Siwasikii. Mmekula mahamri yangu yote na sauti hamna? Paukwa!

— Pakawaaa!

Jiwe lilikuwa nini?

— Lilikuwa tope!

Na tope lilikuwa la nani?

— La aliyelikanyaga kwanza!

Haya, kaeni. Wewe Mbeyu, ondoa mguu karibu na sufuria yangu. Na nyinyi wachonga mawe, chai yangu mimi Nyamvula inauzwa, hadithi ni bure, msije mkageuza mambo.

Hilo jiwe mlilokalia, mnaliona? Lipitishieni kidole. Huku kuna vialama vidogo vidogo vimejipanga, na huku hivyo hivyo, na katikati mstari mmoja mrefu, utadhani mtu alikuwa akiburuta fimbo. Limetoka humu humu machimboni. Chizi, mchonga mawe mwenzenu, alitaka kulipasua likatandazwe uani kwa watu, nikamwambia lipasue uone nitakavyokunyima chai mpaka Idi. Hizo ni nyayo. Na hapo pembeni, hilo shimo la duara, pana kama karai? Hapo tutafika. Msinikimbize.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, hapa palikuwa bahari. Usicheke. Hapa hapa penye vumbi hili, maji yalikuwa yakija fwaaa, yakienda fwiii, na yakishaenda yanaacha tope jororo la kijivu. Ukilikanyaga, tope lile lilikuwa halisahau.

Humo alikaa Kaa-Kawa. Si huyu kaa mnayemjua, wa kwenda upande upande kama mtu anayekwepa deni. Kaa-Kawa alikuwa na gamba la duara lililobinuka, kama lile kawa la ukili tunalofunikia wali. Chini ya gamba miguu tele, na nyuma mkia mmoja mwembamba, mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Akitembea, miguu inasema chwa-chwa-chwa, na mkia unafuata nyuma, krrrrr.

Na katika nchi ile alikuwapo Fisi. Namwona Mbeyu anataka kusema fisi siku zile alikuwa hajazaliwa, mwalimu kasema. Mwambie mwalimu wako: palipo na chakula cha mwenzio, fisi hakosi.

Sasa, Kaa-Kawa alikuwa na jambo lake moja linalomuuma. Hakuwa na mtoto. Si kwamba hatagi. Anataga, tena mayai maelfu. Anapanda mpaka mchangani, pale maji ya bamvua yanapofika, anafukua, anataga, anafukia. Bamvua ni yale maji makubwa, yakija leo yatarudi baada ya siku kumi na nne; katikati hapo maji madogo hayafiki hata kwenye tope. Yakirudi ndipo watoto wanapotoka na kuchukuliwa baharini. Siku kumi na nne tu! Lakini mwaka juzi Fisi alifuata nyayo mpaka zilipoishia, akafukua, akala yote. Mwaka jana Fisi alifuata nyayo, akafukua, akala yote, akalamba na mchanga. Kaa-Kawa akawa analala macho wazi, hana hata mmoja wa kumwita mama. Inauma, jamani. Mimi niliyezaa nane nawaambia inauma.

Na Fisi huyo alikuwa mwizi wa mbuzi. Tena mwizi asiye na akili. Akiiba mbuzi anamburuta, na tope linaonyesha kila kitu. Wenye mbuzi wanafuata nyayo, wanamkuta pangoni anatafuna, wanamtwanga. Pu! Pu! Pu! Akipona anaiba tena, wanafuata tena, wanamtwanga tena. Pu! Pu! Pu!

Fisi akaona haya hayawezekani. Akaitisha baraza. Akasimama, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, adabu imekwisha katika nchi hii. Mtu anapita na shughuli zake, pengine anakwenda ukweni, pengine tumbo linamsokota, mara watu hao nyuma yake, unyayo kwa unyayo! Heshima iko wapi? Mimi nashauri hivi: nyayo mbichi ni za mwenyewe, hazifuatwi. Zikikauka, ni njia ya wote."

Wanyama wakaona, aa, maneno ya mtu mzima hayo. Wakapiga makofi. Kumbe Fisi kashapiga hesabu zake: nyayo zikija kukauka, mbuzi kashakuwa mifupa.

Mlinzi wa sheria akawekwa Kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni, mdomo mrefu kama sindano. Siri hana. Akikuona na jambo asubuhi, kabla ya adhuhuri wakwe zako wanalo.

Basi. Siku ya bamvua, maji yalipoanza kupwa, Kaa-Kawa akatoka kwenye mkono wa bahari, ule uliojificha nyuma ya mikoko. Chwa-chwa-chwa, krrrrr. Akazunguka mikoko. Chwa-chwa-chwa, krrrrr. Akavuka tope lote mpaka mchangani. Akafukua, akataga, akafukia, akapigapiga juu kwa tumbo. Anainua kichwa, anaona miguu minne yenye manyoya.

"Hujambo, mpwa wangu," akasema Fisi.

"Shikamoo, mjomba."

Msiniulize undugu wao. Ukikutana na mwenye meno mengi kuliko wewe, ni mjomba.

"Marahaba. Nasikia harufu ya mayai."

"Mjomba, tope lote hili linanuka mayai yaliyooza tangu dunia iumbwe."

Kweli, ndivyo lilivyonuka. Pua ya Fisi hapo haikufaa kitu.

"Basi pua na ikae," akasema Fisi. "Mimi ni bingwa wa nyayo. Mbuzi akipita, najua anakwenda au anarudi, najua ana mimba ya miezi mingapi. Vidole vikitazama kule, amekwenda kule. Vikitazama huku, amekuja huku. Hebu."

Akainama. Sasa, nyayo za Kaa-Kawa hazina vidole vya kutazama popote. Huku vialama, huku vialama, katikati mstari. Ukizisoma toka juu ni hivyo, ukizisoma toka chini ni hivyo hivyo. Fisi akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Akazunguka, akachungulia kati ya miguu yake mwenyewe. Hakuna kitu. Lakini atasemaje hajui, na Kitwitwi yule pale juu ya mzizi wa mkoko, anatazama?

Akajikohoza kibingwa. "Ahaa! Mambo wazi kabisa. Umetaga kule, nyuma ya mikoko. Kisha ukaja huku, unataka kunitoroka."

Mayai yalikuwa chini ya Kaa-Kawa, shubiri moja tu ya mchanga. Akasema polepole, "Mjomba, mimi ni nani nimsahihishe bingwa?"

Fisi akacheka, hii-hii-hii! Akainua mguu azifuate nyayo kuelekea mikokoni.

"Twi! Twi! Twi!" Kitwitwi akaruka. "Nani huyo anafuata nyayo mbichi? Nawaita wenye mbuzi! Leo sheria ikivunjwa na aliyeitunga, na wao wafuate za kwake mpaka pangoni!"

Mguu ukabaki hewani. Pangoni kulikuwa na mapaja mawili ya mbuzi, hata hayajapoa. Fisi akaurudisha mguu taratibu.

"Nani anafuata? Nilikuwa najinyoosha. Nitangoja zikauke. Jua hili, mpaka alasiri zitakuwa kavu."

Akatafuta pa kukaa. Na mtu anayengoja njia anakaa wapi? Anakaa mwanzo wa njia, ili asitanguliwe. Kaa-Kawa akasogea kidogo, kwa adabu, Fisi akakaa pale pale. Puu! Makalio yote mawili juu ya mayai.

Naona mnaniangalia. Ndiyo. Juu ya mayai.

Kaa-Kawa akaaga, akarudi kwa njia ile ile aliyojia, chwa-chwa-chwa, krrrrr, mpaka nyuma ya mikoko. Alipofika majini akaanza kuhesabu. Akajiambia, siku kumi na nne. Asiondoke pale siku kumi na nne.

Alasiri jua likachoma, tope likaanza kupauka. Fisi akanyoosha kidole aliguse. Mara, chwa-chwa-chwa, krrrrr! Kaa-Kawa huyo anakuja, gamba limejaa maji kwa chini, maji yanachuruzika, nyayo zote zinalowa upya.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nimekuja kukusalimu, mjomba. Nimekuacha juani peke yako, nikaona si vizuri. Shikamoo."

Sasa Fisi atafanyaje? Shikamoo haikataliwi. Ukiikataa, kesho huna mtu wa kukuzika.

"Marahaba," akasema Fisi.

"Umeshindaje?"

"Vizuri."

"Na jua?"

"Linachoma."

"Pole, mjomba. Na nyayo, zimekauka?"

Fisi akagusa. "Mbichi."

"Basi ngoja."

Akaondoka zake kwa njia ile ile. Chwa-chwa-chwa, krrrrr.

Siku ya pili, tope likaanza kupauka. Chwa-chwa-chwa, krrrrr! "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." "Umelalaje? Mgongo? Shangazi hajambo?" "Hajambo." "Nyayo zimekauka?" "Mbichi." "Basi ngoja."

Siku ya tatu, chwa-chwa-chwa, krrrrr! "Shikamoo, mjomba."

Siku ya nne, chwa-chwa-chwa, krrrrr! "Shikamoo, mjomba."

Siku ya tano Fisi kashakonda, mbavu zinahesabika, anaitikia "Mar'ba" kwa upande wa mdomo. Akajiambia, niende nikale kidogo nirudi. Akainuka nusu. Akatazama huku na huku. Kitwitwi yupo. Kunguru wapo. Nikiondoka hapa, akafikiri, atakuja mwingine akae mahali pangu, nyayo zikauke yeye yupo, mayai ale yeye! Tumbo likasema nenda. Uchoyo ukasema kaa. Akakaa. Puu!

Siku ya saba akaja Kenge. Huyo ndiye mjuzi kweli wa mayai. Yeye hasomi nyayo, anafukua tu popote. Akaja na ulimi wake, le-le-le-le, akaweka makucha nyuma ya makalio ya Fisi, akaanza. Kwara! Kwara! Kwara!

Kaa-Kawa alikuwa katikati ya tope na maji yake ya salamu. Akaona. Akasema, leo basi, leo wanangu wamekwisha, na siwezi kupiga hata kelele, kwa maana nikipiga kelele Fisi atajua.

Kwara! Kwara! Vimebaki vidole viwili kuyafikia.

Fisi akageuka. "Ala! Wewe unatafuta nini hapa?"

"Mayai," akasema Kenge.

"Mjinga wewe, mayai yako kule! Hapa ni foleni! Unataka kuingia mbele yangu kwa chini?" Akamkamata mkia, ngwa! Akamzungusha mara tatu, akamtupa huko. Kisha akakirudisha kile kifusi kwa miguu, akashindilia vizuri, akakaa tena. Puu! "Watu hawana adabu," akamwambia Kaa-Kawa.

"Hawana, mjomba," akasema Kaa-Kawa, machozi yanamtoka. "Shikamoo."

Wiki nzima Fisi akafukuza kunguru, akafukuza kaa wenye makucha, akafukuza kila mwenye mdomo. Kukiwa na baridi, mchanga una joto la Fisi. Jua likichoma, mchanga una kivuli cha Fisi. Mimi wanangu nane sikupata yaya wa namna hiyo, na mmoja nilimlipa.

Siku ya kumi na tatu akachoka. Akamwita Kitwitwi. "Sikiliza, bwana mdogo. Sheria hii niliitunga mimi. Leo naifuta."

"Ifute, mzee," akasema Kitwitwi. "Ila unipe nafasi nikawaarifu wenye mbuzi. Wameniuliza juzi tu."

Fisi akajikuna. "Kwani nimesema naifuta? Nimesema naifikiria."

Siku ya kumi na nne kukapambazuka. Jua likapanda. Fisi akategea sikio. Hakuna chwa. Hakuna krrr. Tope likapauka. Likaanza kupasuka, ka! ka! ka! Fisi akagusa kwa kidole. Kavu! Akagusa kwa pua. Kavu! Akalamba. Kavu!

"Kitwitwi! Njoo ushuhudie!"

Kitwitwi akadonoa mara mbili. "Kavu. Ni njia ya wote."

Ohoo! Fisi akanyanyuka na miguu yake imekufa ganzi, akaanguka, akanyanyuka, akakimbia. Vialama huku, vialama huku, mstari katikati, yeye juu yake, udenda umening'inia. Akavuka tope. Akazunguka mikoko. Akafika mkono wa bahari. Nyayo zikaingia majini, zikaisha.

Fisi akasimama. Akatazama maji. Akafukua pembeni, akatoa tope. Akafukua upande wa pili, akatoa tope.

"Kitwitwi, mayai yako wapi?"

"Mimi sijui mayai," akasema Kitwitwi. "Mimi najua nyayo. Hapa ndipo alipotoka siku ile."

"Alipotoka? Na alipokwenda?"

"Alipokwenda ni pale ulipokaa."

Naona mnacheka. Fisi hakucheka. Akageuka, akarudi mbio kama mwenda wazimu, na bamvua nayo inapanda, fwaaa! Akatokeza kwenye mikoko, akaona lile shimo la makalio yake. Lilikuwa linachemka. Wanatoka! Vikaa-kawa vidogo, kila kimoja kama kifungo cha shati, vinatoka kwenye shimo la Fisi, kumi, mia, elfu, chwa-chwa-chwa-chwa-chwa, na vimikia vyao nyuma, kri-kri-kri-kri, vinashuka kukutana na maji.

Fisi akaruka avidake. Mguu mmoja ukatua penye nafasi. Wa pili akatafuta pa kuuweka. Mbele yake nyayo. Nyuma nyayo. Kushoto, kulia, tope lote limejaa nyayo ndogo ndogo, na zote...

"Mbichi! Twi! Twi! Mbichi!"

Na safari hii Kitwitwi hakuwa peke yake. Wenye mbuzi, alioshawaita, walikuwa wamesimama mchangani, kila mtu na rungu lake, wanangoja kwa hamu Fisi akanyage moja tu. Mmoja alisema, "Kanyaga, mzee, kanyaga tu."

Fisi akabaki hivyo, miguu mitatu hewani, nusu amesimama nusu anaanguka.

Maji yakavichukua vitoto. Kaa-Kawa alikuwa hapo kwenye povu, anavipokea. Akaanza kuvihesabu, akafika mia mbili akachanganyikiwa, akaacha, akalia kwa furaha. Kisha akainua kichwa juu ya maji, kwa sababu alilelewa na mama yake, akasema, "Mjomba, Mungu akulipe. Umenilelea wanangu siku kumi na nne, na kwa makalio. Ndugu wa kweli huonekana kwa vitendo. Shikamoo."

"Mar... marahaba," akasema Fisi. Shikamoo haikataliwi.

"Nitangoja zikauke!" akapiga kelele baadaye, maji yalipokwisha kwenda. Na akangoja. Tope likakauka, likakauka kweli kweli, likakauka mpaka likawa jiwe. Bahari ikachoka kungoja, ikahama na Kaa-Kawa wake. Waulizeni wavuvi wetu, hawamjui. Nyayo zikabaki. Na hilo shimo la duara hapo pembeni, mliloniuliza, si mnalijua sasa ni la nani? Mbeyu, mbona umenyanyuka? Kaa, mwanangu, halitoi kitu tena.

Mwaka ule wa mvua nyingi walikuja mabwana na mabibi wasomi, na brashi na rula na miwani. Wakalipiga brashi jiwe hili asubuhi nzima. Mmoja akasema, mnyama huyu alikuwa akitoka huku, anakwenda kule. Mwenzake akasema la, alitoka kule, anakuja huku. Wakabishana mpaka wakanunuliana soda wapoe. Wakaniuliza, "Bi Nyamvula, wewe mwenyeji unasemaje?" Nikawaambia, "Mimi ni nani niwasahihishe mabingwa? Kaeni hapo mngoje, naleta chai." Wakakaa. Mnajua walikaa wapi.

Basi, funzo la hadithi hii lichukueni, mkaliseme na shuleni: mvumilivu hula mbivu.

Nini, Mbeyu? Fisi alivumilia siku kumi na nne, alikula nini?

Alikula salamu.

Hadithi imefika majini, mimi nimebaki mchangani. Aliyekaa juu ya jiwe langu anyanyuke, aliyekaa juu ya kikombe changu akirudishe. Nyayo zenu zikikauka, nitajua mlikokwenda.